Kifaru cha 1916 Mezani: Kasoro za Modeli na Pa Kuzitafuta

Modeli ikiharibika, lawama huangukia chupa ya rangi. Rangi imebanduka, rangi imetoa chembe, rangi imepasuka. Nimeunda vifaru vya Vita vya Kwanza vya Dunia vya kutosha kujua kwamba rangi mara nyingi ni shahidi tu. Kosa lenyewe lilifanyika siku tatu nyuma, ulipokuwa unakata kipande au unamimina gundi, na limesubiri mpaka sasa kujitokeza. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inafuatiliwa kwa kurudi nyuma: chanzo kinachotokea sana kwanza, cha nadra mwisho, kukagua kwa jicho na ukucha kabla ya kushika kisu.

Vifaru vyenyewe ni vile vya mwanzo kabisa: Mark I hadi Mark V vya Uingereza, Renault FT ya Ufaransa, na A7V ya Ujerumani. Aliyezoea kuunda vifaru vya miaka ya 1940 atashangaa. Kule kuna kona za kuficha makosa, mnyororo unapita chini ya vikingio, na mizigo inafunika mishono. Huku una sanduku la mabamba bapa, ribiti (vile vichwa vya misumari vinavyofunga bamba kwa bamba) kwa mamia, na kwa vile vya Uingereza, mnyororo unaopita juu kabisa ya mgongo mbele ya macho ya kila mtu.

Kifaru kinatikisika mezani

Kiweke juu ya kioo, kisha ubonyeze kwa kidole. Kikitikisika mbele na nyuma tu, kama kiti cha kubembea, kiache. Sehemu ya chini ya Mark I hadi V imepinda kidogo kama upinde. Kifaru halisi kikiwa juu ya ardhi ngumu kiligusa kwa kipande kifupi cha katikati, na mnyororo ulishika ardhi kwa urefu zaidi pale kilipodidimia. Nimemwona mtu akipiga msasa tumbo la modeli yake jioni nzima ili ikae bapa. Alikuwa anaondoa kitu kilichokuwa sahihi.

Tatizo ni kutikisika kwa mshazari: ukibonyeza kona ya mbele kushoto, ya nyuma kulia inainuka. Hapo ubavu mmoja umetangulia mwenzake.

Chanzo cha kawaida ni vishina, yaani vile vipande vidogo vinavyobaki pale sehemu ilipokatwa kutoka kwenye fremu. Kishina cha nusu milimita upande wa ndani wa ubavu kinatosha kuusukuma. Pitisha ukucha kwenye kingo zote kabla ya kuunganisha. Ukucha unakamata kile ambacho jicho linapita. Kiondoe kwa kisu, malizia kwa tupa.

Chanzo cha pili ni haraka. Gundi ya plastiki haigandishi kama gundi ya mbao. Inayeyusha polistireni, yaani plastiki ya modeli, ya pande mbili, zinachanganyika, kisha kiyeyushi kinaondoka taratibu. Kwa saa kadhaa mshono ni laini hata kama umeshika. Ukifunga mbavu mbili, sakafu na paa kwa kikao kimoja, halafu ukaubeba mwili kwenda kuuangalia dirishani, umeupinda wewe mwenyewe. Funga ubavu mmoja na vyuma vyake vya kati, yaani vile vipande vya ndani vinavyounganisha mbavu mbili, weka juu ya kioo, egemeza kitu chenye pembe mraba, ulale. Ubavu wa pili kesho.

Kama umeshakauka ukiwa umepinda, bado kuna njia. Kwa brashi nyembamba pitisha gundi nyepesi kwenye mishono ya ndani ya vyuma vya kati peke yake, subiri dakika chache, ulegeze kwa upole, urudishe kwenye kioo chini ya uzito. Usikwanyue kwa nguvu mshono uliokauka, kwa sababu plastiki hupasuka kando ya mshono badala ya kwenye mshono.

Nadra zaidi, bamba lenyewe limetoka likiwa limebetuka. Lilaze kioo kabla ya kulifunga. Maji ya moto yasiyochemka, dakika moja, kisha chini ya kitabu kizito mpaka lipoe: hilo hurekebisha mbetuko mdogo. Kiberiti au kikausha nywele kilichosogezwa karibu vitaliyeyusha kabla hujajua.

Simama hapa kama bamba lina ufa, au kona yake haikujaa plastiki ilipomiminwa kwenye kalibu. Kifaru cha urefu wa mita 8.05 katika skeli 1/35, yaani kimepunguzwa mara 35, kina sentimita 23, na kwa urefu huo kosa la milimita moja mbele litausumbua mnyororo wote. Mwandikie mtengenezaji wa seti uombe kipande kingine. Kulifinyanga bamba bovu kwa pati, ule uji mzito wa kuziba mianya, ni kujitafutia kazi ya wiki mbili.

Mishono ina mianya, na nikipiga msasa ribiti zinaondoka

Weka msasa chini kwanza. Tafuta picha ya kifaru halisi. Mark I moja tu imesalia duniani, nayo iko kwenye jumba la makumbusho la Bovington, Uingereza. Kuna pia D51 “Deborah”, Mark IV iliyofukuliwa ardhini mwaka 1998 katika kijiji cha Flesquières, Ufaransa. Angalia mshono unaokukera uone kama upo kwenye chuma chenyewe. Vifaru hivi vilikuwa mabamba yaliyopigwa ribiti kwenye vyuma vya pembe, kwa hiyo mstari mwembamba ulionyooka kati ya bamba na bamba ni sehemu ya kifaru. Nusu ya mishono ambayo watu wanataka kuiziba haifai kuzibwa.

Hasa pale kibanda cha ubavuni, kile chumba cha silaha kinachotokeza nje, kinapokutana na mwili. Kwenye Mark I vibanda hivyo vilifunguliwa na kuondolewa kabisa ili kifaru kisafirishwe kwa reli. Kwenye Mark IV vilisukumwa kuingia ndani. Kivuli chembamba kukizunguka kibanda ni halali. Pengo linaloingia ukucha si halali.

Pengo la namna hiyo kwa kawaida linatokana na kutojaribu vipande vikiwa vikavu. Funga mwili mzima kwa tepu bila gundi, pachika kibanda, uone. Kikigoma, usikilazimishe; rudi kwenye dalili ya kwanza, kwa sababu karibu kila mara mbavu zimeachana kidogo juu, na mlango wa kibanda umekuwa mpana kuliko kibanda. Vuta mbavu kwa tepu au kibanio kidogo wakati gundi ya paa inakauka, na pengo litatoweka bila pati.

Likibaki, chagua pati ya akriliki inayofutika kwa maji. Bandika tepu pande zote mbili za mwanya, jaza, kisha futa ziada kwa kijiti cha pamba kilicholowa kabla haijakauka. Ribiti hazijaguswa na hakuna msasa. Kwa mwanya mkubwa kuna uji wa plastiki: katakata vipande vya fremu ndani ya gundi, funga chupa, uache usiku kucha. Unakauka kuwa plastiki ileile ya modeli, ila unasinyaa, kwa hiyo pitisha mara mbili.

Na ribiti zilizokwisha kusagwa? Zinaoteka upya. Kama seti yako ina vibanda vya dume na vya jike kwa pamoja (dume lilibeba mizinga miwili ya 57 mm, jike bunduki za rashasha tu), vile usivyovitumia ni ghala la ribiti. Zikate kwa wembe mpya ukiwa umeulaza bapa kabisa. Bandika tepu kama rula, weka alama za penseli kwa nafasi sawa, tia tone la gundi kwenye kila alama, na uinue ribiti kwa ncha ya brashi iliyolowa. Kama tatu au nne zimepotea katika safu moja, ondoa safu nzima uipange upya. Jicho la mtazamaji linasamehe ribiti ndogo kuliko wenzake, lakini nafasi zisizolingana linazikamata papo hapo. Wenye Renault FT wenye mnara laini wa mviringo wataipita sehemu hii kwa furaha. Wenye mnara wa pembe nane, poleni.

Tahadhari ya vumbi na supaglu. Vipande vya resini vipigwe msasa vikiwa vimelowa, na uvae barakoa ya vumbi. Usipulize kwa mdomo. Supaglu ikigusa pamba au nguo ya pamba inaweza kupata joto la kuunguza, kwa hiyo usiifute kwa pamba. Vidole vikigandana, maji ya uvuguvugu na sabuni, vitenganishe kwa kuviviringisha taratibu. Ikiingia jichoni au kope zikigandana, usilazimishe chochote: osha kwa maji ya uvuguvugu, funika, nenda hospitali.

Mnyororo haukutani, au unakutana na kugoma

Hesabu pingili. Naam, hesabu zote, kushoto na kulia. Si kwamba huwezi kuhesabu, ila mnyororo wenye pingili 90 unasinzisha, na kila mtu hupotea njiani.

Idadi ikiwa sahihi na bado unapungua au unazidi, kagua kama kila pingili imeingia mpaka mwisho. Pingili moja ikibaki nje kwa sehemu ya kumi ya milimita, hutaiona. Tisini zikifanya hivyo, una milimita tisa za ziada. Bana kila kiungo kwa koleo lenye mdomo laini, usikilize mlio wake. Baada ya hapo angalia mwelekeo: mdomo wa bamba moja unalalia mwenzake kwa upande mmoja tu, na ukigeuza sehemu katikati, mnyororo unapinda kwa kinyongo pale pale.

Rangi pia hujaza viungo. Mnyororo uliocheza vizuri kabla ya praima (rangi ya msingi) na sasa ni fimbo haukuharibika. Ukunjekunje pole pole na rangi itavunjika ndani. Usitie thina ili kuulainisha.

Kuna kosa la mwonekano ambalo si la ufundi. Waundaji waliozoea vifaru vya baadaye huulegeza mnyororo wa juu ubembee kati ya magurudumu. Kwenye Mark I hadi V hakuna magurudumu ya kubembelea juu. Mnyororo unapita kwenye reli kando ya ubavu na unaufuata mkunjo wa ubavu huo. Ukining'inia pembeni, kifaru kinaonekana kimevaa suruali ya mtu mwingine.

Minyororo laini ya vinili ina ugonjwa wake. Vinili iliyokaa muda mrefu ikigusa polistireni inaweza kuiyeyusha, na modeli iliyopendeza mwaka jana unaikuta ina makovu ya kunata. Paka praima na rangi kila mahali mnyororo utakapogusa, na usiufunge ukiwa umevutwa. Vinili ya zamani iliyokauka na kuwa ngumu iloweke maji ya moto kidogo kabla ya kuipinda; ikionyesha nyufa, tafuta minyororo mingine.

Kwa seti zenye mota: mnyororo ukikwama, zima mara moja. Mota iliyokwama inapata moto haraka, na gia za plastiki zinafuata. Jaribu gia bila mnyororo, kisha mnyororo bila mota. Kukiwa na harufu ya kuungua, au betri imevimba au inavuja, toa betri kwa glavu na umwachie fundi wa umeme suala la nyaya. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena wala haitobolewi.

Rangi inabanduka pamoja na tepu

Dalili hii ina chanzo kimoja kikuu, vingine ni wasindikizaji: mafuta. Kuna mafuta ya kalibu yaliyotoka kiwandani, na kuna ya vidole vyako baada ya wiki tatu za kushikashika. Osha fremu kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza, na ufute mwili kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kabla ya praima. Vipande vya resini vinahitaji kusuguliwa kwa mswaki.

Kama uliosha, uliza lingine: praima ipo? Akriliki juu ya plastiki tupu inashika kwa kuazima. Vipande vya bati jembamba la shaba ndivyo vibaya zaidi.

Kisha muda. Rangi iliyokauka kwa kuguswa haijakomaa. Enameli ni ya kuachwa siku kadhaa. Na mwisho kabisa, tepu yenyewe: ipunguze nguvu kwa kuibandika mkononi mara mbili kabla ya kuiweka kwenye modeli, na wakati wa kuivua irudishe juu ya mgongo wake, si kuipandisha wima.

Pakibanduka, usijaze shimo kwa rangi. Sugua kingo za shimo kwa msasa laini uliolowa, praima, rangi. Yakibanduka maeneo matatu au zaidi, praima yote ni mgonjwa. Vua rangi mwili mzima uanze upya, najua inauma.

Uso wa rangi una chembe, au umekuwa kama ganda la chungwa

Hapa ni kwa wanaotumia brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kwa hewa ya kompresa. Chembe kavu kama mchanga: rangi inakauka hewani kabla haijafika. Sogea karibu, punguza presha, au ongeza kicheleweshaji. Ganda la chungwa: rangi ni nzito. Miguu ya buibui inayokimbia pembeni: ni nyepesi mno, au uko karibu mno na presha iko juu. Uzito wa maziwa, na presha ya bari 1 hadi 1.5, ndipo mahali pa kuanzia. Jaribu kwenye plastiki chakavu. Mabamba bapa ya Mark IV yanatangaza kila chembe, na kwa hilo ni katili kuliko kifaru chochote cha baadaye.

Rangi ikitoka kwa kukohoa, sindano ni chafu au mdomo una ufa. Safisha kwanza, ndipo ununue. Mapovu kwenye kikombe mara nyingi ni mdomo uliolegea.

Kompresa isiyofikia presha, inayovuja, au yenye tangi lililoshika kutu ni kazi ya fundi. Tangi ni chombo chenye shinikizo. Haliungwi kwa gundi wala tepu, na vali yake ya usalama haichezewi. Na ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu wakati wa kupuliza laka au enameli, zima, toka nje. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, pamoja na hewa inayopita. Dalili zisipoisha ukiwa hewa safi, mwone daktari.

Plastiki imepasuka usiku, baada ya rangi ya kivuli

Rangi ya kivuli ni ile nyembamba sana inayotiririshwa kuzunguka ribiti na mishono ili zijitokeze. Kifaru chenye ribiti mamia kinaipenda, na mtu anaimimina bila kipimo. Asubuhi bamba la mbele lina ufa, au kibanda kimeng'oka chenyewe.

Ilinitokea kwenye Mark IV iliyokuwa tayari kwa stika. Nilimlaumu mtengenezaji wa thina kwa wiki nzima. Baadaye nikakumbuka kwamba lile bamba la mbele lilikuwa halikai, na nililibana kwa kibanio mpaka likakubali. Plastiki iliyobanwa inabeba mvutano ndani yake hata baada ya gundi kukauka. Thina ya enameli inapopenya hadi kwenye plastiki tupu iliyovutwa, inaipasua. Thina ilikuwa shahidi. Mhalifu alikuwa kibanio, siku tano nyuma.

Kwa hiyo: je, kipande kilicholeta ufa kilifungwa kwa nguvu? Je, ndani ya mwili hakuna rangi, na kivuli kilijaa kupitia mwanya mpaka upande usiopakwa? Je, hakukuwa na vanishi ya kulinda rangi? Je, ulijaza dimbwi badala ya kugusa kila ribiti kwa ncha ya brashi? Mara nyingi jibu ni ndiyo kwa mawili au zaidi.

Dawa: acha kila kitu kikauke siku mbili. Pitisha supaglu nyembamba ndani ya ufa kwa ncha ya sindano, kisha pati ya akriliki, kisha rangi ya sehemu. Usitie gundi ya plastiki kwenye ufa huo, kwa sababu nayo ni kiyeyushi na itaurefusha. Kuanzia hapo tumia rangi ya kivuli ya akriliki kwa kifaru hicho, hata kama inatiririka vibaya zaidi.

Stika zina utando wa fedha

Utando ni hewa chini ya stika. Uso usiong'aa una vilima vidogo vinavyoshikilia hewa. Paka vanishi ya kung'aa kwanza, stika baadaye, kisha vanishi isiyong'aa. Juu ya ribiti, tia kimiminika cha kulainisha stika, toboa viputo kwa ncha ya sindano, rudia mara tatu. Usiiguse ikikunjamana; itajinyoosha.

Mistari ya utambulisho ya 1918, nyeupe-nyekundu-nyeupe kwenye pembe za mbele, iliwekwa kwa sababu Wajerumani walikuwa wanavitumia vifaru vya Uingereza walivyoviteka. Ni eneo lenye ribiti na mkunjo kwa pamoja. Achana na stika, ipake kwa tepu. Iliyoandikwa kwa mkono ikitetemeka kidogo inafanana na ukweli kuliko stika iliyonyooka kama ya kiwandani. Na ukijenga Mark I ya tarehe 15 Septemba 1916, siku vifaru vilipoingia vitani kwa mara ya kwanza huko Flers-Courcelette, mistari hiyo isiwepo kabisa.

“Rangi hii si yenyewe”

Hili si kosa la ufundi, lakini linawatesa watu zaidi ya nyufa. Mtu amemaliza, akalinganisha na picha ya 1917, akaona yake ni tofauti, akavua yote.

Picha za wakati ule zilipigwa kwa filamu isiyoiona nyekundu; nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ikapauka. Ule mstari mwekundu utauona mweusi, na hapo hakuna kosa. Pili, angalia mwaka. Mark I za mwanzo zilipakwa mabaka yaliyobuniwa na mchoraji Solomon J. Solomon; kufikia Mark IV ya 1917 ilikuwa rangi moja ya kahawia. Mabaka hayo juu ya Mark IV ya Uingereza ni kosa la tarehe. Tatu, skeli: rangi halisi ikipakwa kwenye kitu cha sentimita 23 huonekana nzito, kwa hiyo ipaushe kidogo. Zaidi ya hapo ni ubishi wa vijiweni, nami nimeshauacha.

Tope limepasuka, au kifaru chote kimekuwa kutu

Tope la plasta likiwekwa nene kwa mara moja linasinyaa na kupasuka. Weka matabaka membamba, na changanya unga wa rangi kwenye plasta yenyewe ili likimeguka lisionyeshe weupe.

Ila kabla ya kulirekebisha, jiulize kama ni tope la mahali pake. Ardhi ya vita vya Cambrai, Ufaransa, Novemba 1917, ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa imara na kavu, yenye chokaa chini yake, ndiyo maana vumbi jeupe linafaa pale. Tope zito la kahawia lililofika kwenye paa ni la vita vya Ypres, Ubelgiji, miezi michache nyuma. Nimeona Mark IV nyingi zenye fungu la vijiti juu (la kujazia mahandaki), alama ya Cambrai, zimezama kwenye tope la Ypres.

Kutu ni hivyo hivyo. Vifaru hivi havikuishi kutosha kuoza. Mnyororo uliotembea jana unang'aa kwenye kingo na una udongo kwenye mabonde. Kutu ya chungwa ni ya mnyororo uliosimama. Penye haki ya kutu ni bomba la moshi na kizuia sauti juu ya paa la Mark IV, kwa sababu joto lilichoma rangi pale. Mark I haikuwa na kizuia sauti; moshi ulitoka kwenye paa. Kama umezidisha, unga wa rangi usiofungwa unafutika kwa brashi yenye thina kidogo. Uliofungwa unafunikwa kwa vumbi, ambalo kwa bahati nzuri linasadikika kila mahali.

Vanishi imeacha ukungu mweupe

Unyevu hewani, mara nyingi. Mvua inanyesha, wewe una haraka ya kumaliza, kopo la vanishi liko mkononi. Chanzo cha pili ni kopo lisilotikiswa: kile kinachoondoa mng'ao kimelala chini, na kinatoka chote mwishoni kama unga. Cha tatu ni tabaka nene.

Usifute kwa kitambaa. Subiri siku kavu, puliza tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa ya aina ileile, na mara nyingi ukungu unayeyuka humo. Ukiondoka, rudia isiyong'aa kwa pasi mbili nyepesi kutoka mbali. Ukibakia kuzunguka ribiti peke yake, uguse kwa rangi ya vumbi uuite chokaa ya Cambrai. Nina Mark IV moja kabatini yenye chokaa ya namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza.